Kitenzi cha Kiitaliano Kinapogoma: Dalili, Chanzo na Namna ya Kurekebisha

Mwanafunzi wa Kiitaliano, awe mhudumu wa hoteli kule Watamu, mtembeza wageni wa Kiwengwa au frateri anayejiandaa kwenda kusoma Roma, kwa kawaida hakwami kwenye vitenzi vitulivu kama “parlare” na “dormire”. Hukwama kwenye vile anavyovihitaji kila dakika: kuwa, kuwa na, kwenda, kuja, kufanya, kusema, kutaka, kujua. Hivyo ndivyo vitenzi vikaidi, na ukaidi wao una sababu, kwani neno linalopita midomoni mwa watu kila siku hubaki na umbo lake la kale huku maneno mengine yakinyooshwa na kanuni. Nimesahihisha madaftari mengi ya wanafunzi wa namna hiyo, na makosa ninayoyakuta yanajirudia kiasi kwamba nikiona kosa moja ninaweza kukisia mawili yatakayofuata. Mwongozo huu kwa hiyo unaanzia kwenye kosa, kisha unarudi nyuma kutafuta lilipoanzia.

Ukifungua jedwali zima la kitenzi kimoja utaingiwa na hofu. Hali ya kuarifu, yaani “indicativo”, ina njeo 8; “congiuntivo”, hali ya matakwa na shaka, ina 4; “condizionale”, hali ya masharti, ina 2; na ukiongeza hali ya kuamuru unafikisha maumbo 89 kabla hujagusa “infinito” (umbo la msingi, kama “scrivere”, kuandika), “participio” (kama “scritto”, iliyoandikwa) na “gerundio” (kama “scrivendo”, huku ukiandika). Hata hivyo, nusu kamili ya njeo hizo 14 ni za mseto: kitenzi kisaidizi kikifuatwa na “participio”. Anayejua kwamba “scrivere” hutoa “scritto”, na ambaye tayari anaimudu “avere” (kuwa na), amepata njeo 7 kwa neno moja. Kinachobaki ni milango michache ambamo ukaidi huingilia: wakati uliopo, “passato remoto” (wakati uliopita wa mbali), wakati ujao, “participio”, na mzizi unaojificha ambao huonekana katika “imperfetto” (wakati uliopita usiokamilika). Makosa mengi ya umbo utakayoyafanya yamepitia mmojawapo wa milango hiyo.

Kabla ya dalili yoyote: mkazo umetua wapi?

Kiswahili hakimsumbui mzungumzaji wake kwa mkazo. Hutua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo nao huhama. Kiitaliano hakina utaratibu huo. “Prendere” hutamkwa PREN-de-re, “vengono” ni VEN-go-no, “dissero” ni DIS-se-ro, ilhali “vedere” ni ve-DE-re. Anayesoma kwa masikio ya nyumbani husema pren-DE-re na ven-GO-no, na huenda akaeleweka, lakini amepoteza kitu kikubwa kuliko lafudhi nzuri. Katika wakati uliopo na katika “passato remoto”, mkazo ndio unaoonyesha ni umbo lipi litakuwa kaidi. Mkazo ukiwa juu ya mzizi, mzizi hubadilika. Mkazo ukihamia kwenye kiishio, mzizi hutulia.

Jambo hili si geni kwetu. Tunasema “anakula” na “alikuja”, lakini tunasema “hali”, “ale”, “hula” na “anamla”. Ile “ku” haikuwekwa pale kwa mapambo. Viambishi “na” na “li” haviwezi kubeba mkazo, na kitenzi chenye mzizi wa silabi moja hakina pa kuutulizia, kwa hiyo “ku” hubaki ili iubebe. Panapopatikana kiambishi chenye uwezo huo, kama “m” ya mtendwa au “ha” ya kukanusha, “ku” huondoka. Hakuna mtoto wa Malindi wala wa Tanga aliyefundishwa kanuni hiyo ubaoni ndipo akaanza kusema. Sikio lenye uwezo wa kutofautisha “anakula” na “hali” lina uwezo wa kutofautisha “esco” na “usciamo”, mradi mwenye sikio aache kwanza kuupeleka kila mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

“Noi vengiamo”, “noi esciamo”, “voi vadete”

Mwanafunzi amejifunza “io vengo” (mimi naja), akachukua “veng-” na kuibandika kwenye nafsi zote sita. Chanzo ni kudhani kwamba nafsi ya kwanza umoja ndiyo kielelezo cha jedwali zima. Sema maumbo yote kwa sauti huku ukigonga meza kwa kidole pale mkazo unapotua: VEN-go, VIE-ni, VIE-ne, ve-NIA-mo, ve-NI-te, VEN-go-no. Katika nafsi nne mkazo upo juu ya mzizi. Katika “noi” (sisi) na “voi” (ninyi) umehamia kwenye kiishio, na hapo hapo kitenzi kimerudi kwenye “infinito” yake. Ndivyo ilivyo kwa “uscire”: esco, esci, esce, usciamo, uscite, escono. Ndivyo ilivyo kwa “morire”: muoio, muori, muore, moriamo, morite, muoiono. Hata “andare”, ambacho ni vitenzi viwili vilivyooana, kwa kuwa “vado” imetokana na “vadere” ya Kilatini, kinaheshimu mpaka huo huo: vado, vai, va, andiamo, andate, vanno. Rekebisho kwa hiyo ni rahisi. Ukishindwa “noi” au “voi”, iache “io” kabisa, rudi kwenye “infinito” na uanzie hapo.

Herufi “g” inayojipenyeza katika vengo, tengo, rimango, salgo, scelgo na tolgo ina makazi mawili tu, “io” na “loro” (wao): rimango na rimangono, salgo na salgono. Ukiikuta kwenye “tu” (wewe), kama katika “tu rimanghi”, ifute bila kusita. Ni “tu rimani”. (Ile “isc” ya “capisco” na “finisco” nayo hufuata mpaka wa mkazo, hivyo tunasema “capiamo” na “capite”, wala haihitaji somo la peke yake.)

Kanuni hii ina mahali inapovuja. Nafsi ya “noi” ina ukaidi wake katika vitenzi vya kila siku: siamo, abbiamo, sappiamo, dobbiamo, possiamo, vogliamo, facciamo. Hivyo ni vya kukariri. “Voi” ni tulivu zaidi, avete, sapete, dovete, potete, volete, lakini jihadhari na tatu zisizofanana na kitu kingine: siete, fate, dite.

“Io faevo”, “lui direva”, “berendo”

Huu ndio ugonjwa ninaoupenda kuutibu, kwa sababu dozi moja huponya maumbo mengi. Mwanafunzi ameona “fare”, akakata “-re”, akabaki na “fa-”, kisha akaunda “faevo”. Utaratibu wake ni sahihi. Kilichomponza ni “infinito” yenyewe, ambayo imefupishwa. “Fare” ni “facere” ya Kilatini iliyominywa, “dire” ni “dicere”, “bere” ni “bevere”, “porre” ni “ponere”, “trarre” ni “traere”, na kila kitenzi kinachoishia kwa “-durre” ni “-ducere”. Mzizi mrefu haukufa, umejificha tu, nao huchomoza katika njeo na maumbo yafuatayo:

fare: facevo, facendo, facessi, facesti
dire: dicevo, dicendo, dicessi, dicesti
bere: bevevo, bevendo, bevessi, bevesti
porre: ponevo, ponendo, ponessi, ponesti
tradurre: traducevo, traducendo, traducessi, traducesti

Kwa utaratibu huo umetengeneza “imperfetto”, “gerundio”, “imperfetto” ya “congiuntivo”, na nusu ya “passato remoto”. Wenye asili ya “porre” ni wengi, proporre, comporre, disporre, supporre, na wote humfuata baba yao. Vivyo hivyo “contraddire” na “benedire” humfuata “dire” karibu kila mahali. Tofauti ni katika amri, ambapo “dire” hutoa “di'” lakini watoto wake hutoa “contraddici” na “benedici”. Frateri wetu atalikuta neno hilo la mwisho mapema sana.

Wasioingia katika dawa hii ni watatu. “Essere” (kuwa) ana “ero, eri, era, eravamo, eravate, erano” na “fossi”. “Dare” na “stare” ni watulivu katika “imperfetto”, davo na stavo, lakini katika “congiuntivo” ni “dessi” na “stessi”. “Dassi” na “stassi” ni makosa, hata kama umeyasikia kwa Mwitaliano mwenyewe, kwa sababu nao huyafanya.

“Ho prenduto”, “ho aprito”, “ho rompato”

Hapa ndipo madaftari hujaa wino mwekundu, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi, kwa kuwa “participio” moja mbovu huharibu njeo zote 7 za mseto.

Anza kwa kupunguza eneo la hatari. Katika kundi la “-are” mkaidi ni “fare” peke yake, “fatto”, pamoja na vitenzi vilivyozaliwa naye. Wengine wote huishia kwa “-ato”, wakiwemo “dare” na “stare”. Katika kundi la “-ire” ni wachache: dire hutoa detto, venire hutoa venuto, morire hutoa morto, apparire hutoa apparso, na kuna familia ndogo ya aprire, coprire, offrire na soffrire ambayo hutoa aperto, coperto, offerto na sofferto. Mbali na hao na uzao wao, andika “-ito” bila wasiwasi.

Vita vyenyewe viko katika kundi la “-ere”, na hapo mkazo unarudi kutusaidia. Kundi hili lina matamshi mawili. Wako wenye mkazo juu ya kiishio, a-VE-re, sa-PE-re, po-TE-re, do-VE-re, vo-LE-re, te-NE-re, ca-DE-re, pia-CE-re, na hao karibu wote hutoa “-uto”: avuto, saputo, potuto, dovuto, voluto, tenuto, caduto, piaciuto. Wanaoasi ni wa kuhesabika, hasa vedere (visto, ingawa “veduto” ipo), rimanere (rimasto) na parere (parso). Kisha wako wenye mkazo juu ya mzizi, PREN-de-re, SCRI-ve-re, ROM-pe-re, CHIU-de-re, na hao ndio wa kushuku. Anayeyatamka makundi haya mawili kwa mkazo mmoja amejinyima alama ambayo lugha ilikuwa inampa bure.

Ndani ya kundi la kushukiwa, “infinito” bado hutoa fununu. Wanaoishia kwa “-ndere” na wengi wa “-dere” hutoa “-so”: preso, sceso, speso, acceso, chiuso, deciso, riso. Wa “-gliere” hutoa “-lto”: scelto, tolto, colto, sciolto. Wa “-ngere” na wenzao kama “vincere” na “spegnere” hutoa “-nto”: pianto, dipinto, aggiunto, vinto, spento, ingawa “stringere” amejitenga na “stretto”. Wa “-durre” hutoa “-dotto”. Halafu kuna “scritto, letto, rotto, corretto, cotto”, kuna “messo, mosso, discusso”, na kuna jozi ya kukumbukwa pamoja kama swali na jibu lake: chiedere hutoa chiesto, rispondere hutoa risposto. Fununu si sheria. “Vendere” ana sura ya “prendere” lakini ni “venduto”. “Credere” ni “creduto”. “Perdere” hukubali “perso” na “perduto”. “Conoscere” na “crescere” ni conosciuto na cresciuto, huku “nascere” akiwa “nato”.

Sishauri kukariri orodha hii ukiwa umekaa mezani. “Participio” nyingi zimebandikwa ukutani na zinakusubiri uzisome. Kwenye mlango wa duka lolote la Mwitaliano pameandikwa “aperto” au “chiuso”. Kwenye orodha ya vyakula kuna “fritto” kutoka “friggere” na “prosciutto cotto” kutoka “cuocere”. Na ukifika nyumbani kwa Mwitaliano, pale ambapo sisi tungepiga hodi, unasimama kizingitini na kusema “Permesso?”, naye hukujibu “Avanti!”, kama karibu yetu. Neno hilo ni “participio” ya “permettere”, yaani “kumeruhusiwa?”. Mwanafunzi aliyepiga hodi ya Kiitaliano mara moja hawezi tena kuandika “ho permettuto”, na akikumbuka “permesso” amepata pia messo, promesso, ammesso na smesso. (Kwenye orodha hiyo hiyo ya vyakula utakuta “riso”. Hapo ni wali, hakuna aliyecheka.)

Kosa jirani ni la kisaidizi. “Ho andato” na “ho rimasto” si makosa ya “participio”. Yanatokana na kusahau kwamba andare, venire, uscire, rimanere, nascere, morire, stare na piacere huandamana na “essere”, na kwamba hapo “participio” hukubaliana na kiima: sono andato, siamo andate. Aliyekua akisema “mti umeanguka, miti imeanguka” hana sababu ya kuogopa upatanisho. Kwa “piacere” fikiria “kupendeza”, usifikirie “kupenda”: maembe yalinipendeza, “i manghi mi sono piaciuti”.

“Tu presesti”, “noi dissimo”

“Passato remoto” hutisha kuliko inavyostahili. Sema: PRE-si, pren-DE-sti, PRE-se, pren-DEM-mo, pren-DE-ste, PRE-se-ro. Nafsi tatu, io, lui (yeye) na loro, zina mkazo juu ya mzizi, nazo ndizo kaidi. Tatu nyingine zina mkazo juu ya kiishio, nazo ni tulivu. Anayeandika “tu presesti” amevusha ukaidi mpaka ambapo mkazo haukufika.

Kwa hiyo kariri umbo la “io” tu. Badilisha “-i” iwe “-e” upate “lui”, weka “-ero” upate “loro”: dissi, disse, dissero, venni, venne, vennero, ebbi, ebbe, ebbero, seppi, seppe, seppero, volli, volle, vollero, vidi, vide, videro, nacqui, nacque, nacquero. Zile tatu tulivu zijenge kwa ule mzizi uliofichuliwa katika “imperfetto”: dicesti, dicemmo, diceste, facesti, facemmo, faceste. Nje ya utaratibu huu wamebaki wale wale watatu wa awali: fui, fosti, fu, fummo, foste, furono, diedi, desti, diede, demmo, deste, diedero, stetti, stesti, stette, stemmo, steste, stettero.

Je, mhudumu wa hoteli anaihitaji njeo hii? Kuisema, mara chache. Mtu wa Milano husema “ho visto” karibu kila mahali, wakati wa Sicilia au Toscana bado husikika akisema “vidi”. Kuitambua, ndiyo, kwa sababu kitabu cha historia au cha hadithi hakifunguki bila yake. “Dante nacque a Firenze nel 1265 e morì a Ravenna nel 1321”: katika sentensi moja “nascere” amekaidi na “morire”, mkorofi wa wakati uliopo, ametulia kama mwanafunzi wa mfano.

“Anderò”, “venirò”, na vorremo iliyotakiwa kuwa vorremmo

Katika wakati ujao ukaidi huwa mmoja kwa nafsi zote sita, na huo huo ndio huhamia kwenye “condizionale”, kwa hiyo hapa hakuna mpaka wa mkazo wa kutafuta. Baadhi ya vitenzi hutupa irabu: andrò, avrò, dovrò, potrò, saprò, vedrò, vivrò. Vingine hutupa irabu kisha konsonanti inayobaki inamezwa na “r”: verrò, terrò, vorrò, rimarrò, berrò. “Porre” na “tradurre” hawana cha kutupa, maana “rr” imo tayari: porrò, tradurrò. “Dare, fare, stare” hubaki na “a” yao, darò, farò, starò, ilhali “parlare” huwa “parlerò”. “Essere” ni “sarò”. Weka “-ei” mahali pa “-ò” na umepata andrei, verrei, vorrei, sarei.

Dalili ngumu zaidi huonekana kwenye “noi”. “Vorremo” ni “tutataka”. “Vorremmo” ni “tungependa”. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa kurefusha konsonanti katikati ya neno, kwa hiyo sikio hupita juu ya “m” ya pili bila kuiona, na mkono nao hauiandiki. Hata hivyo ulimi wetu unajua kukaa juu ya “m”: sema “mmea”, sema “mmoja”, uone jinsi midomo inavyofungwa kwa muda kabla ya kuendelea. Kaa hivyo hivyo katika “vorremmo”, “saremmo”, “andremmo”. Kila “noi” ya “condizionale” ina “mm”, kila “noi” ya wakati ujao ina “m” moja, bila kighairi.

“Penso che è a casa”, “voglio che tu vieni”

Kati ya makosa haya mawili, la pili halifai kumpata mzungumzaji wa Kiswahili. Sisi pia hatusemi “nataka unakuja”. Tunasema “nataka uje”, “ni lazima aende”, na ile “-e” ya mwisho inafanya kazi ile ile ya “congiuntivo”: “voglio che tu venga”, “è necessario che vada”. La kwanza ndilo mtego halisi. Baada ya “nadhani” na “naamini” Kiswahili hakibadilishi chochote, “nadhani yuko nyumbani”, lakini Kiitaliano cha kuandika hudai “penso che sia a casa” na “credo che lo sappia”. Kwa Mwitaliano, kudhani ni shaka na kujua ni hakika: “so che è a casa”. Barazani utasikia “penso che è” kutoka kwa Waitaliano wenyewe. Katika mtihani na katika barua rasmi litahesabiwa kosa.

Kuunda umbo lenyewe la vitenzi vikaidi si kazi. Chukua “io” ya wakati uliopo, toa “-o”, weka “-a”: vengo hutoa venga, dico hutoa dica, faccio hutoa faccia, vado hutoa vada, esco hutoa esca, posso hutoa possa. Umbo hilo moja ni la io, tu na lui, ndiyo maana kiwakilishi ambacho kwa kawaida huachwa hulazimika kutajwa pale maana inapogongana. “Loro” huongeza “-no”: vengano, dicano. “Noi” ni ile ile ya wakati uliopo, na “voi” huchukua “-iate” juu ya mzizi wa “noi”: veniamo, veniate, usciamo, usciate. Wasiotii ni watano, sia, abbia, sappia, dia na stia, na ukiangalia “io” zao, sono, ho, so, do, sto, utaona nne kati yake ni za silabi moja. Vitenzi vya silabi moja, kwao kama kwetu, haviendi na kundi.

Kitenzi kikuu kikirudi nyuma, kinachotegemea hurudi nacho: “pensavo che fosse a casa”, “volevo che tu venissi”. Wengi husahau kwamba “vorrei” nayo huhesabiwa humo: “vorrei che tu venissi”, si “che tu venga”.

“Se avrei i soldi, comprerei una barca”

Kosa hili lina baba na mama, na wote wawili ni Waswahili. “Ningekuwa na fedha, ningenunua mashua”: “-nge-” upande huu, “-nge-” upande ule. Mwanafunzi hutafsiri kwa uaminifu kabisa na kuweka “condizionale” pande zote mbili. Kiitaliano huweka “imperfetto” ya “congiuntivo” upande wa sharti na “condizionale” upande wa matokeo: “se avessi i soldi, comprerei una barca”. Kwa “-ngali-”, ambayo nafasi yake imeshapita, pande zote mbili huwa za mseto: “se avessi avuto i soldi, avrei comprato una barca”. Jikaguzie hivi: ukiona “se” ya sharti na “-rei” vimekaa upande mmoja wa mkato, umekosea. “Se” ya kuuliza haimo katika ukaguzi huu, kwa kuwa “non so se verrei”, sijui kama ningekuja, ni sahihi.

Amri, na alama ndogo

Nasi tuna “njoo”, “nenda” na “lete” zisizofuata kanuni, kwa hiyo “va', fa', da', sta', di'” hazipaswi kushangaza. Kinachoshangaza ni kwamba zikishikana na kiwakilishi huikaza konsonanti yake, dimmi, fammi, dammi, dillo, vacci, isipokuwa “gli”: digli, dagli. “Essere, avere, sapere” hutoa sii, abbi, sappi. Kwa mgeni wa heshima, anayeitwa “Lei”, amri huazimwa kutoka “congiuntivo”, “venga, signora”, “dica”, kama nasi tunavyoilegeza “njoo” kuwa “uje”. Ukimkataza rafiki tumia “infinito”: “non fare così”.

Alama za kuandika huponza hata waliobobea. “Dà” ya kitenzi hubeba alama ili isichanganywe na “da” ya kihusishi, na “è” ili isichanganywe na “e”. Lakini sto, so, fa, va, sta na fu hazibebi chochote; “stò” na “fù” ni makosa. “Di'” na “va'” za amri huchukua kipostrofi, wala si alama ya mkazo.

Dalili zikija kwa pamoja

Katika daftari moja nilikuta: “Penso che lei ha rimanuto a casa.” Ukitaka kuisahihisha yote kwa mkupuo utachanganyikiwa, kwa hiyo anza na kilicho ndani kabisa ya sentensi na utoke nje. “Rimanere” ana mkazo juu ya kiishio, hivyo mwanafunzi alikisia “-uto” kwa haki, ila amemkuta mmoja wa waasi: “rimasto”. Kisha kisaidizi: kubaki mahali huandamana na “essere”, kwa hiyo “è rimasto”, na kwa kuwa kiima ni “lei”, mwanamke, “è rimasta”. Mwisho hali: “penso che” ni shaka, hivyo “è” inakuwa “sia”. Sentensi ikasimama: “Penso che lei sia rimasta a casa.” Nilipolirudisha daftari, mwenyewe aliisoma mara mbili, kisha akauliza ingekuwaje kama angeanza na “pensavo”. Hapo ni “sia” peke yake inayobadilika, kuwa “fosse”. “Rimasta” inabaki ilipo.